Mwandishi, Tabibu na Mwaka wa Tano

Umeenea katika vyuo vikuu vya Marekani, tangu miaka mingi, mpango unaomruhusu mwanafunzi kuunganisha shahada ya kwanza na shahada ya uzamili, akazimaliza zote mbili kwa miaka mitano badala ya sita, na miongoni mwa fani zilizoupokea mpango huo kwa mikono miwili ni ile ya vyombo vya habari na mawasiliano ya afya. Wazazi ambao watoto wao wanatafuta nafasi ng'ambo huniuliza kama mpango huu una kheri ndani yake au ni biashara ya vyeti iliyovikwa joho, na wahadhiri wenzangu huuliza kama vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vingefaa kuuiga. Naitoa rai yangu mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: katika fani hii mahususi, kuunganisha ni aula kuliko kutenganisha, lakini faida yake haimo katika mwaka unaookolewa wala katika ada inayopungua, imo katika kumfanya kijana ajifunze ufundi wa kusimulia na elimu ya maradhi kwa wakati mmoja, akili yake ingali laini, kabla hajazoea moja na kuiogopa nyingine. Chuo kinachotangaza mwaka uliookolewa na kunyamaza juu ya jambo hilo la pili kinamuuzia mwanafunzi ganda tupu.

Kwanza tuutazame mpango wenyewe jinsi unavyokwenda, kwa kuwa wengi huusifu au huulaumu pasi na kuujua. Shahada ya kwanza ya Kimarekani kwa desturi hudai krediti 120, zinazokamilishwa kwa miaka minne. Uzamili katika mawasiliano aghalabu hudai krediti 30 hadi 36. Mwanafunzi huomba kuingia katika mpango wa pamoja akiwa mwaka wa tatu, mara nyingi kwa sharti la wastani wa alama usiopungua 3.0 kati ya 4, na akikubaliwa huruhusiwa, katika mwaka wa nne, kusoma masomo matatu au manne ya ngazi ya uzamili ambayo huhesabiwa pande zote mbili: hukamilisha shahada ya kwanza, na papo hapo huwa ni malipo ya kwanza ya shahada ya pili. Zikishahesabiwa hivyo krediti 9 hadi 12, zilizosalia humalizwa katika mwaka wa tano. Kinachopungua kwa hakika ni masomo ya hiari ya mwaka wa nne, ambayo nafasi yake hutwaliwa na masomo mazito zaidi. Kwa hiyo anayedhani kwamba mwanafunzi huyo amepumzishwa amekosea hesabu. Ama kuhusu fedha, krediti zile za mwaka wa nne kwa kawaida hulipiwa kwa kiwango cha shahada ya kwanza, na mwanafunzi fukara wa Kimarekani huwa bado anastahili ile ruzuku ya serikali yao iitwayo Pell Grant, ambayo hukatika pindi anapotunukiwa shahada yake ya kwanza. Ndipo mwaka wa tano, ujapokuwa mmoja, unapoweza kuwa mzito mfukoni kuliko wowote uliotangulia. Kijana wa Mombasa au wa Tanga aendaye huko kwa viza ya masomo hana fungu katika ruzuku hiyo tangu siku ya kwanza, na mzazi wake sharti alijue hilo kabla ya kutia saini.

Sasa nieleze kwa nini naamini kwamba fani hii, kuliko nyingi nyingine, inadai elimu mbili zikue pamoja. Mwezi wa Oktoba 1995 kamati iliyokuwa ikiishauri serikali ya Uingereza juu ya usalama wa dawa ilitoa tahadhari kwamba aina fulani mpya za vidonge vya kupanga uzazi huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda katika mishipa. Maneno hayo yalikuwa kweli. Magazeti na televisheni yaliyatangaza kama yalivyokuja, na wanawake wengi wakaviacha vidonge vyao kwa hofu. Lau waandishi wangalisimama na kuuliza "mara mbili ya nini?", wangalijibiwa kwamba kwa vidonge vya zamani aliyepatwa na madhara hayo alikuwa kiasi cha mwanamke mmoja kati ya 7,000, na kwa vidonge vipya ni wawili kati ya hao 7,000, ongezeko lote ni la mtu mmoja, ilhali ujauzito wenyewe una hatari kubwa zaidi ya kugandisha damu kuliko kidonge cha aina yoyote katika hizo mbili. Mwaka uliofuata, katika England na Wales, utoaji wa mimba uliongezeka kwa idadi inayokadiriwa kufika 13,000. Hapakuwa na mwongo katika mkasa huu: kamati ilisema kweli, wahariri walinukuu kwa uaminifu, na wanawake walifanya ambalo mtu mwenye busara angelifanya kwa kadiri ya alivyoambiwa. Ubaya ulipita katika nafasi iliyo baina ya mwenye takwimu na mwenye kalamu, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Tahadhari hiyo hiyo mimi huwapa wanafunzi wangu na kuwataka waiandikie redio habari fupi, ya kusomwa kwa dakika moja. Wale waliokwisha kufanya kazi katika chumba cha habari huandika upesi na kwa lugha safi, na takriban wote huanza na "mara mbili", kwa kuwa mkono umefundishwa kwa miaka kwamba kilicho kikubwa hutangulia. Wauguzi na mabwana afya waliokuja kusoma mawasiliano huiona ile 7,000 mara moja, lakini huizika katika sentensi ya sita, baada ya jina refu la kamati, jina la homoni na maelezo ya jinsi damu inavyoganda, wakati ambapo msikilizaji amekwisha kwenda kutazama chungu chake jikoni. Wote ni watu hodari, na wote wanaweza kusahihishwa. Ila kumsahihisha mtu mwenye mazoea ya miaka kumi ni kazi ya kubomoa kabla ya kujenga, na mara nyingi muda wa uzamili huisha ubomoaji haujakwisha. Kijana aliyesoma takwimu za maradhi na uandishi wa habari katika muhula mmoja hana cha kubomoa. Huuliza "mara mbili ya nini?" kwa wepesi ule ule anaoulizia nani, wapi na lini, kwa kuwa hajapata kufundishwa kwamba maswali hayo ni ya kabila mbili.

Nisije nikaonekana kuwaonea waandishi, nataja na upande wa matabibu, ambao kosa lao ni la namna nyingine. Katika miaka ya 1950 idara ya afya ya umma ya Marekani ilipeleka magari ya eksirei mitaani ili watu wapimwe kifua kikuu bure, karibu na milango ya nyumba zao, na watu wengi hawakwenda. Matabibu walikuwa wameondoa gharama na wameondoa mwendo, wakaamini kwamba hapana kizuizi kilichobaki. Walipoitwa wanasaikolojia, akina Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, walibaini kwamba aliyekwenda kupimwa ni yule aliyeamini mambo mawili: kwamba yeye mwenyewe aweza kuwa na ugonjwa ijapokuwa hajihisi vibaya, na kwamba kuujua mapema kungemfaa. Kutoka katika utafiti huo ikazaliwa nadharia ambayo hadi leo hufundishwa kila penye somo la mawasiliano ya afya. Naihesabu kuwa mfano mwema wa jambo ambalo tabibu peke yake asingeligundua, kwa sababu dhana yake ilikuwa kwamba habari sahihi ikishatolewa, kazi yake imekwisha.

Kwa kazi iliyofanywa na watu walioziweka elimu zote mbili mezani, hatuna haja ya kusafiri. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati, uliotungwa kwa njia aliyoianzisha Miguel Sabido wa Mexico, naye alikuwa ameijenga juu ya nadharia ya Albert Bandura kwamba binadamu hujifunza kwa kuwatazama wenzake wakivuna matunda ya matendo yao. Wasikilizaji wa zama hizo hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, wala mkewe Tunu aliyejifunza polepole kusimama kwa miguu yake. Mkwaju aliishia kuugua UKIMWI, na hapana sauti iliyotoka redioni kumhubiria msikilizaji kwamba asifanye kama yeye. Msikilizaji alifika hapo mwenyewe, baada ya kuishi naye miezi na miezi. Lakini yapo mengine ambayo wasikilizaji hawakuyasikia. Kituo cha Dodoma kilikuwa kikirusha vipindi vyake vingine wakati wa mchezo, na hali hiyo iliachwa makusudi iendelee hadi 1995, ili mikoa iliyousikia mchezo ilinganishwe na ule usiousikia. Watafiti, miongoni mwao Peter Vaughan na Everett Rogers, waliona kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi kule mchezo uliposikika, na Dodoma nako yakapanda baada ya mchezo kufika. Matokeo hayo yakachapishwa mwaka 1999.

Nakaa juu ya kisa hiki kwa sababu ndani yake mna uamuzi wa aina mbili ulioshikana. Kuiacha Dodoma ni uamuzi wa mtafiti, na mtunzi asiyejua maana ya kulinganisha angeupinga kwa moyo mweupe kabisa, akisema kwamba jambo jema lisikiwe na wote. Kumwacha Mkwaju aishi muda mrefu, acheke, apendwe, hata msikilizaji aanze kumwonea huruma kabla ya maradhi kumfika, ni uamuzi wa mtunzi. Na mtafiti asiyejua tamthilia angelimfisha katika kipindi cha tatu ili funzo lifike upesi. Kila upande ulihitaji kuuelewa mwingine kiasi cha kuuvumilia. Hiyo ndiyo elimu ambayo mpango wa shahada za pamoja unapaswa kuitoa, na katika kuupima mpango wowote swali langu la kwanza ni kama mwanafunzi atafundishwa na watu wa aina zote mbili au atasoma masomo ya mawasiliano yaliyobadilishwa majina tu.

Wako wanaosema kwamba haya yote ni kujitaabisha, kwa kuwa daktari yupo wa kusema na mwandishi yupo wa kunukuu. Lakini tukumbuke mwaka 2011, wakati magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Sisemi neno juu ya nia ya mzee yule, ambaye amekwisha tangulia mbele ya haki. Nasema juu ya sisi wenye kalamu. Tuliwanukuu waliorudi wakisema wamepona, na tukamnukuu daktari mwenye mashaka, kila mmoja tukampa aya yake, tukaona tumetenda insafu. Mtu aliyefundishwa namna ya kuhesabu maradhi angejua kwamba anayerudi na nafuu huwatafuta waandishi, na anayerudi vile vile hukaa kimya, na aliyefia njiani hana mdomo. Kwa hiyo shuhuda zilizokusanywa kwenye stendi ya mabasi, hata zikiwa mia, hazijibu swali. Angejua pia kwamba habari iliyokuwa ya dharura kuliko zote ilikuwa ya mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI au kisukari anayefikiria kuacha dawa zake baada ya kunywa kikombe, na angemtafuta huyo kwanza. Kunukuu pande mbili hakumwondolei mwandishi wajibu wa kujua uzito wa kila upande.

Wengine huidharau fani yenyewe, wakidhani kuwa mawasiliano ya afya ni mabango ya rangi ukutani mwa zahanati. Hao ningependa wayatazame yaliyofanywa na shirika la BRAC huko Bangladesh kuanzia 1980, lilipotuma wanawake kwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha mama, zaidi ya milioni 12 kwa muda wa miaka kumi, kutengeneza maji ya kumnusuru mtoto anayeharisha: chumvi ya kuchota kwa ncha za vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, na maji nusu sia, kipimo ambacho kila nyumba ya huko ilikijua. Hapa maneno yenyewe ndiyo dawa. Chumvi ikizidi, mtoto hudhurika. Kwa sababu hiyo mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizozipita. Baadaye alikuja mtu mwingine, akachagua baadhi ya mama, akawauliza walichokumbuka na kuwataka wayatengeneze maji mbele yake, na ujira wa mwalimu ukategemea yale waliyoyaweza. Sijui bango lililopata kupimwa hivyo. Na hapa kwetu, miaka michache kabla ya hapo, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikuwa imewakutanisha Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kijitabu, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi, chini ya viongozi wa vikundi kiasi cha 75,000 waliofundishwa kwanza. Anayesema kwamba simu za mkononi zimefuta haja ya elimu hii aanze kwa kueleza ni nani leo anayekaa na msikilizaji baada ya ujumbe kumfikia.

Ipo hoja moja ambayo siitupi, nayo ni kwamba uzamili aliopewa kijana wa miaka 23 ambaye hajapata kufanya kazi ni joho bila mwili. Nusu yake ni kweli. Maarifa ya jinsi kliniki ya mama na mtoto inavyojaa asubuhi, jinsi muuguzi mmoja anavyogawa dakika zake kwa watu sitini, na kwa nini mama aliyeambiwa arudi Jumatatu hakurudi, hayapatikani darasani, na mhariri anayekata aya ya mwisho kwa kukosa nafasi hufundisha jambo ambalo profesa hawezi. Ila dawa ya upungufu huo si kumtuma kijana kazini miaka mitano kwanza, akajifunze mazoea yale yale niliyoyaeleza. Ni kuitia kazi ndani ya masomo. Ningependa kuona, kati ya shahada ya kwanza na mwaka wa mwisho, miezi sita ya lazima iliyogawanywa sawa baina ya zahanati ya wilaya na chumba cha habari, chini ya wasimamizi walioandikiwa mapema watakachompima kwacho, isiwe ile ziara ya mafunzo ambayo mwanafunzi hutumwa kupiga chapa na kununua chai.

Kuhusu vyuo vyetu, tusijidanganye kwamba tutalitengeneza jambo hili kwa kuongeza somo moja la afya katika ratiba ya shule ya uandishi. Huko Boston, mwaka 1994, chuo cha Emerson, kinachosifika kwa mawasiliano, na shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Tufts viliunda kwa ushirika uzamili wa mawasiliano ya afya, kila kimoja kikichangia nusu ya elimu inayohitajika. Dar es Salaam ilikuwa na bahati iliyopita bila ya kushikwa: Chuo cha Uandishi wa Habari cha Tanzania, kilichoanzishwa 1975, kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003, wakati shule ya tiba ya Muhimbili ilipokuwa ingali chuo kishiriki cha chuo kikuu hicho hicho, hadi ilipopewa hadhi yake kamili mwaka 2007. Kwa miaka ile waandishi na matabibu walikuwa chini ya paa moja la utawala. Sasa ni vyuo viwili, lakini vimo katika jiji moja, na makubaliano baina yao hayahitaji ndege wala mfadhili.

Makubaliano hayo yakija, nayatakia mambo matatu. Mwanafunzi awe na mlango wa kutokea: shahada ya kwanza atunukiwe kwa wakati wake, ili atakayeshindwa, au atakayefiwa na mzazi anayemlipia, aondoke na cheti mkononi, jambo hili ni zito zaidi kwa Tanzania, ambako mikopo ya serikali huelekezwa hasa kwa shahada ya kwanza, na mwaka wa uzamili humwacha mtoto wa maskini mikono mitupu asipotengewa fungu. Tasnifu iambatane na kazi ya Kiswahili, ikiwa ni kipindi cha redio, kijitabu au mchezo, iliyojaribiwa kwa wasikilizaji halisi na kurekebishwa kwa waliyoyasema, na katika jopo la watahini awemo mhariri mmoja na daktari mmoja wa afya ya jamii, kila mmoja na haki ya kuirudisha. La tatu ni la wahadhiri, nalo ndilo linaloua mipango mingi ya ushirika niliyoiona. Mhadhiri wa takwimu atokaye Muhimbili kwenda kuwafundisha waandishi hukuta kwamba saa zake hazihesabiwi na chuo chake kwa kuwa alikuwa nje, wala na chuo kile kingine kwa kuwa si mwajiriwa wake, na atakapoomba kupandishwa cheo huwa ni kama hakufundisha. Mtu wa namna hiyo hustahimili mwaka mmoja kwa mapenzi ya kazi, wa pili kwa haya, na wa tatu hatokei, na somo hukabidhiwa yeyote aliye na wasaa. Saa hizo ziandikwe katika mkataba wa vyuo viwili kabla ya mwanafunzi wa kwanza kusajiliwa, zihesabiwe katika mzigo wa kazi na katika kupandishwa cheo, na itajwe kwa jina idara itakayomlipa nauli.